Bwana Denning na Vitovu Visivyohama

Usiku wa tarehe 20 Agosti 1920, mjini Bristol, Uingereza, mzee wa miaka 71 aliinua macho akalitazama kundi la nyota la Cygnus, akaona nyota ambayo haikuwa mwenyeji pale.

Mtu mwingine angepita tu. Nyota yenyewe haikuwa ya kutisha. Ilikuwa na mwanga wa wastani, imechanganyika na wenzake. Lakini William Frederick Denning alikuwa amekesha chini ya anga lile tangu ujanani, na kila nyota inayoonekana kwa macho alijua inakaa wapi. Akatoa taarifa. Siku nne baadaye nyota ile ngeni ilikuwa imewaka hadi ikazishinda zote za kundi lile isipokuwa Deneb. Ilikuwa nova, mlipuko kwenye uso wa nyota kongwe, na aliyeiwahi ni mzee asiye na cheo katika chuo chochote, aliyekuwa akiishi kwa pensheni ndogo.

Macho ya namna hiyo hayadanganyiki kirahisi.

Ndiyo maana kwa wiki kadhaa sasa nimeshindwa kumtoa mtu huyu kichwani. Macho hayohayo, kwa zaidi ya miaka arobaini, yalishuhudia jambo kuhusu vimondo ambalo haliwezekani. Halikuwa jambo la kubishaniwa tu. Haliwezekani, kwa hesabu ambayo mwanafunzi wa kidato cha nne anaweza kuifuata. Na hakuliacha mpaka alipoingia kaburini.

Nimesoma niliyoweza kuyapata juu yake, nimelala, nimeamka, na swali bado lipo. Nimeona niliandike.

Bustani, kioo na fimbo

Denning alizaliwa tarehe 25 Novemba 1848 karibu na Radstock, katika wilaya ya Somerset. Familia ilihamia Bristol angali mtoto, na huko ndiko alikoishi mpaka alipofariki tarehe 9 Juni 1931. Baba yake alikuwa mhasibu, naye akafuata kazi hiyohiyo. Hakuoa. Hakusoma chuo kikuu.

Mwaka 1871 alinunua darubini ya kioo yenye upana wa inchi 10. Kioo chake kilisuguliwa na George With, mwalimu wa shule wa Hereford aliyekuwa akitengeneza vioo vya darubini vilivyosifika Uingereza nzima. Hakikujengwa kibanda cha uangalizi wala kuba. Darubini ilikaa nje, bustanini, na kwa chombo hicho Denning alifuatilia Doa Jekundu la Mshtarii, akapima mzunguko wa sayari, akagundua kometi.

Mojawapo ya kometi hizo inastahili sentensi zake. Aliiona alfajiri ya Oktoba 1881, ikazunguka ikapotea. Hakuna aliyeiona tena hadi mwaka 1978, Shigehisa Fujikawa alipoikuta akiwa Japani. Ikapotea tena hadi mwaka 2014. Leo inaitwa Denning–Fujikawa, majina ya watu wawili waliotenganishwa na miaka 97, wote wakiwa wapenzi wa anga wasiolipwa kwa kazi hiyo.

Lakini moyo wake ulikuwa kwenye vimondo.

Wasomaji wa huku tukisikia kimondo, akili inakwenda Mbozi, kwenye lile bonge la chuma. Vimondo vya Denning ni vya aina nyingine: punje za mchanga na vumbi zilizodondoshwa na kometi, zinazoungua na kuisha zikiwa kilomita 80 hadi 100 juu ya vichwa vyetu. Darubini haisaidii. Huwezi kuielekeza mahali kimondo kitakapopita, maana hakuna ajuaye kitapita wapi, na kikipita kimekwisha.

Kinachohitajika ni mtu atakayekaa nje.

Denning alikaa. Alikuwa na fimbo iliyonyooka kabisa. Kimondo kikikata anga, aliinyanyua mara moja na kuilaza juu ya ile njia iliyokuwa bado inang'aa akilini mwake, akasoma nyota ambazo fimbo imezigusa: kimeanzia jirani ya nyota hii, kimeishia kati ya zile mbili. Kisha akaandika saa, mwanga wake, kama kilikwenda pole au upesi, kama kiliacha mkia. Halafu akasubiri kingine. Usiku wa kawaida, usio na mvua ya vimondo, kungoja huko kunaweza kukupa vimondo vitano au kumi kwa saa, tena uwe hujasinzia. Na baridi ya Bristol mwezi Novemba si jambo la mchezo.

Miaka ikaenda, daftari zikajaa. Mwaka 1890 alichapisha orodha ya vitovu 918 alivyovipata akiwa Bristol.

Perseidi zinatembea

Kitovu ni nini? Punje za kometi moja husafiri pamoja, njia zao zikiwa sambamba, na macho yetu huona mistari sambamba ikikutana kwa mbali. Kwa hiyo ukichora njia za vimondo vya mvua moja kwenye ramani ya nyota, kisha ukairefusha kila njia kurudi nyuma, zote zinaelekea kwenye sehemu moja ya anga. Sehemu hiyo ndiyo kitovu. Mvua za vimondo huitwa kwa kundi la nyota ambamo kitovu chake kimekaa: Leonidi kwa Simba, Orionidi kwa Orion, Perseidi kwa Perseus.

Sasa, dunia haijasimama. Inalizunguka jua kwa kasi ya kilomita 30 kwa sekunde, na kila siku inageuza mwelekeo wake kwa takriban digrii moja. Tunachokiona sisi ni mwendo wa punje ukichanganyika na mwendo wa dunia. Mwelekeo wa dunia ukigeuka, kitovu nacho lazima kisogee. Kila usiku, kidogo kidogo.

Aliyelionyesha jambo hili kwa uwazi katika Perseidi ni Denning mwenyewe.

Perseidi huanza katikati ya Julai na kumalizika mwishoni mwa Agosti. Denning alizifuata usiku baada ya usiku, mwaka baada ya mwaka, akaonyesha kitovu chake kikitokea upande wa Cassiopeia na Andromeda mwezi Julai, kikipita Perseus karibu na tarehe 11 au 12 Agosti, kisha kikiendelea mbele kuelekea Camelopardalis. Alitengeneza jedwali la mahali kitovu kinapotarajiwa kila usiku. Kazi safi, ya subira, inayoheshimika hadi leo.

Kwa hiyo alijua. Hili ndilo lililonikosesha usingizi. Hakuwa mtu asiyejua kwamba vitovu husogea. Alikuwa mmoja wa waliotufundisha.

Vingine vikagoma

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1870, Denning alianza kutangaza kwamba vipo vitovu vingine ambavyo havisogei. Mvua ndogondogo, zisizo na sifa kama Perseidi, ambazo kimondo kimoja au viwili hutoka mahali palepale leo, wiki ijayo, mwezi ujao. Vingine, kwa maelezo yake, vilidumu kwa miezi bila kuhama.

Tuifanye hesabu pamoja. Katika miezi mitatu dunia inageuza mwelekeo wake kwa karibu digrii 90, robo nzima ya duara. Ili kitovu kisisogee hata hivyo, punje zingelazimika kusafiri kwa kasi kubwa mno kiasi kwamba kilomita 30 za dunia zisihesabike, yaani mamia ya kilomita kwa sekunde. Lakini kitu kinacholizunguka jua hakiwezi kuzidi kilomita 42 kwa sekunde kikiwa hapa tulipo. Kikizidi, kinaliacha jua na kutokomea. Na vimondo vya Denning havikuwa na kasi hiyo ya ajabu. Yeye mwenyewe aliviandika vingi kuwa vya polepole.

Njia nyingine ya kulieleza ni kusema kwamba kila baada ya siku chache dunia inakutana na kijito kipya cha vumbi, chenye njia yake mbali na vingine, lakini kilichopangwa hivi kwamba kwetu sisi kionekane kikitoka palepale. Sioni sababu yoyote ya anga kutupangia hivyo.

Wapo waliojaribu kumwokoa. Alexander Herschel, mjukuu wa William Herschel aliyegundua sayari ya Uranus, na rafiki wa Denning wa miaka mingi wa kuandikiana barua, alimuunga mkono. Profesa Turner wa Oxford alitafuta maelezo ya kimwendo. Nadhani kilichowasukuma ni heshima. Walikuwa wakimjua mtazamaji aliyewazidi wote, na mtu wa namna hiyo akikuambia ameona, ni wewe unayejiuliza hesabu yako imekosea wapi.

Chukua karatasi

Kwa siku nyingi nililitafuta jibu katika tabia yake. Nilidhani labda alikuwa mkaidi, labda upweke ulimfanya asisikilize. Kisha nikaona napoteza muda, nikarudi kwenye daftari zake.

Fanya jaribio hili. Chukua karatasi tupu, chora mistari mifupi 20 bila mpango wowote, halafu irefushe yote kurudi nyuma kwa rula. Mistari 20 ina jozi 190. Si zote zitakazokutana ndani ya karatasi, lakini nyingi zitakutana, na utaona mwenyewe: hapa mistari mitatu imepishana ndani ya nafasi ya sarafu, pale minne. Umeichora ovyo, na bado karatasi inakuonyesha vitovu.

Usiku wa Perseidi tatizo hili halipo. Vimondo ni vingi, mistari kumi na tano inaelekea mahali pamoja kwa usiku mmoja, na mingine michache ya ovyo haina nguvu ya kukupoteza. Kesho yake unafanya tena, unapata kitovu kipya kilichosogea kidogo. Denning alikuwa na data ya kutosha kwa kila usiku, na data ilimwambia ukweli.

Lakini mvua ndogo inakupa kimondo kimoja kwa usiku, labda viwili. Mstari mmoja hauna makutano. Ukitaka kitovu inabidi uuunganishe na mstari wa juzi, na ule wa wiki iliyopita, na mwingine wa mwezi uliopita. Denning aliunganisha.

Mimi ni mhasibu pia, na hapa ndipo nilipomwelewa, au nadhani nilimwelewa. Ukichukua stakabadhi za Julai, Agosti na Septemba ukaziingiza zote kwenye leja ya mwezi mmoja, leja itakubali. Itabalansi vizuri tu. Kila stakabadhi ni halali, kila tarakimu imeandikwa kwa uaminifu, na bado picha unayoipata ya mwezi ule haikuwahi kuwepo. Hakuna mkaguzi atakayekukamata kwa kukagua stakabadhi moja moja, kwa sababu hakuna stakabadhi iliyoghushiwa.

Kuunganisha vimondo vya miezi tofauti kunaruhusiwa endapo tu kitovu hakihami. Kwa hiyo aliamini hakihami, imani hiyo ikamruhusu kuunganisha, kuunganisha kukazaa vitovu, na vitovu hivyo vikawa ushahidi kwamba havihami. Mduara umefungwa, na ndani yake hakuna uongo hata mmoja.

Mwaka 1899 ilichapishwa orodha yake kuu, iliyokusanya vitovu vyake na vya watazamaji wengine. Vilikuwa 4,367. Vingi vilikuwa vya mvua ileile iliyotazamwa na watu tofauti, ni kweli. Lakini anga zima lina digrii za mraba 41,253. Ukigawa, kila kitovu kinapata eneo lisilofika digrii 10 za mraba, na anga lote halionekani kutoka Ulaya, kwa hiyo nafasi halisi ilikuwa finyu zaidi. Kwa orodha kama hiyo, mstari wa kimondo chochote utakachokiona kesho lazima upite karibu na kitovu fulani kilichokwisha kuandikwa.

Leo orodha rasmi ya dunia ina mvua za vimondo zilizothibitishwa zaidi kidogo ya 100.

Medali

Heshima zilimjia wakati jambo hili likiwa halijatatuliwa. Mwaka 1895 Chuo cha Sayansi cha Ufaransa kilimpa tuzo ya Valz. Mwaka 1898 Jumuiya ya Kifalme ya Astronomia ilimpa Medali ya Dhahabu, heshima yake kubwa kuliko zote, ambayo kwa kawaida iliwaendea maprofesa na wakuu wa vituo vya uangalizi. Mhasibu wa Bristol akasimama katika safu moja nao.

Alistahili. Nalisema hili bila kusita. Vimondo alivyoviandika ni vya kweli, kometi zake ni za kweli, na Perseidi zake zinatembea kama alivyosema.

Ila najiuliza ni nani, baada ya hapo, angemwandikia barua kumwambia kwamba mamia ya vitovu vyake havipo.

Mwaka uliofuata ulileta jambo jingine, ambalo nahisi lilikuwa na uzito kuliko linavyopewa. Leonidi zilizoinyeshea Ulaya mwaka 1866, Denning akiwa na miaka 17, zilitarajiwa kurudi kwa kishindo Novemba 1899. Magazeti yalitangaza. Umati ulikesha. Mvua haikuja. Wataalamu wawili wa hesabu, Stoney na Downing, walikuwa wameonya kabla kwamba mvuto wa Mshtarii na Zohali umelisogeza wingu la vumbi kutoka kwenye njia ya dunia, lakini onyo lao halikuwafikia wengi, na kilichobaki vichwani mwa watu ni kwamba wanasayansi waliahidi na anga likakataa. Kwa mtu aliyetumia maisha yake nje akitazama, sijui kama usiku ule haukumzidishia imani kwamba macho yana neno la mwisho juu ya makaratasi. Ni dhana yangu tu. Lakini ningekuwa yeye, ungenizidishia.

Afya yake ilidhoofika mapema katika karne ya 20, akaiacha darubini na kubaki na macho matupu. Mwaka 1904 serikali ilimpa pensheni ya pauni 150 kwa mwaka. Alikaa nyumbani kwake Egerton Road, kitongoji cha Bishopston, akionana na watu wachache, akiandika barua na makala kwa wingi wa kushangaza. Watu wa miji mbalimbali waliokuwa wameona kimondo kikubwa walimwandikia, naye akazilinganisha barua zao akapiga hesabu ya njia halisi ya kimondo, kimeanzia kimo gani na kimezimika juu ya mji upi.

Kijana wa Virginia

Aliyeuvunja ule mduara alikuwa Mmarekani, Charles Olivier, aliyezaliwa Charlottesville mwaka 1884 na kuanza kuhesabu vimondo akiwa bado mvulana. Mwaka 1911 aliasisi Jumuiya ya Vimondo ya Marekani, na mwaka huohuo tasnifu yake, iliyojengwa juu ya vimondo zaidi ya 6,200, ilitoka.

Sharti lake lilikuwa jepesi kulieleza na gumu kulitekeleza. Kitovu kihesabiwe tu kama kimepatikana kutokana na vimondo vilivyoonekana usiku mmoja, na mtazamaji mmoja. Vya jana ni vya jana.

Ukilishika sharti hilo, vitovu visivyohama vinatoweka. Havitoweki kimoja kimoja kwa mabishano, havijitokezi kabisa.

Pambano kali lilikuwa juu ya Orionidi za Oktoba. Denning alisema kitovu chake kimesimama. Olivier alisema kinasogea kuelekea mashariki, karibu digrii moja kwa siku, kama inavyotakiwa kwa vumbi la kometi ya Halley. Miaka ilipita wakibishana, kwa adabu, kila mmoja na daftari zake. Olivier alikuwa sahihi. Kitabu chake cha mwaka 1925 kiliifunga hoja kwa wengi, na baada ya Denning kufariki hapakuwa na wa kuiendeleza.

Watazamaji wa aina yake hawakuisha, nashukuru. Manning Prentice, mwanasheria wa Stowmarket, alishika kazi hiyohiyo ya kukesha na kuandika, na baada ya vita vya pili ndiye aliyewasaidia watu wa rada wa Jodrell Bank, kituo cha uangalizi cha Uingereza kilichokuwa chini ya Bernard Lovell, kujua mwangwi wanaoupokea kwenye mitambo ni wa vimondo gani. Rada hizo ndizo zilizokuja kupima kasi za vimondo pasipo kutegemea macho ya mtu.

Mahali niliposita

Nilipofika hapa niliiacha makala kwa siku kadhaa. Niliona ninamhukumu mtu ambaye siwezi kumfikia, nikiwa nimekaa juu ya karne nzima ya majibu ambayo yeye hakuwa nayo.

Nikarudi kwenye Orionidi, safari hii nikijaribu kuwa upande wake. Kitovu cha Orionidi si nukta, kimetawanyika. Kipimo cha fimbo na macho kinaweza kukosea kwa digrii kadhaa hata kwa mtazamaji hodari. Jirani kabisa, Oktoba hiyohiyo, kuna mvua nyingine ndogo, Epsilon Geminidi, ambazo vimondo vyake vinaingilia. Wiki ya kwanza kitovu ni dhaifu, ya mwisho ni dhaifu, na nguvu ipo siku chache tu za katikati. Mtu akitazama kwa uaminifu kabisa katika mazingira hayo, kuusogeza ule mstari kidogo kuelekea kitovu anachokijua si udanganyifu. Hata hajui kwamba ameusogeza.

Kwetu huku Perseidi ni haba, kwa kuwa kitovu chake kiko chini sana upande wa kaskazini. Orionidi tunazipata vizuri mno, kuelekea alfajiri zikiwa karibu na utosi. Mwenye hamu ajaribu usiku wa tarehe 21 Oktoba, mbali na taa za mji, na ramani ya nyota na penseli. Utaelewa haraka jinsi ilivyo shida kusema kwa hakika kimondo kimeanzia wapi. Kinadumu chini ya sekunde moja. Unachokiandika ni kumbukumbu tayari.

Baada ya hapo niliweza kusema ninachoamini. Denning hakuona vibaya. Alipanga vibaya alichokiona, na upangaji huo ulifanyika mezani, mchana, siku ambazo hakuwa anatazama chochote. Hilo linanitisha kuliko kosa la macho, kwa sababu kazi yangu mimi yote iko mezani.

Na kuna jambo la upande wa pili. Olivier aliweza kumpinga kwa sababu Denning alichapisha kila kitu: tarehe, saa, njia. Angetoa vitovu vitupu bila kuonyesha vimetokana na siku zipi, pengine tungelikuwa bado tunabishana.

Juni 1916

Usiku wa tarehe 28 Juni 1916, vita vikiwa vimepamba moto ng'ambo ya bahari, Denning alitoka nje Bristol. Alikuwa na miaka 67. Hakukuwa na mvua ya vimondo iliyotabiriwa. Mwezi Juni si msimu wa mtazamaji wa Uingereza; usiku ni mfupi, na anga halipati giza la kutosha.

Vimondo vikaanza kushuka. Vilikuwa vya polepole, vingine vikali, na vikazidi kuja, kwa wingi usio wa kawaida. Alivinukuu kama alivyozoea. Akatafuta kometi gani imepita karibu na njia ya dunia, akaitaja: Pons-Winnecke, inayolizunguka jua kwa takriban miaka sita, ambayo ilikuwa imepita jirani na jua mwaka mmoja kabla. Olivier, mpinzani wake, alikubaliana naye. Walikuwa sahihi wote wawili.

Mvua hiyo leo inaitwa Bootidi za Juni. Ilionekana kwa udhaifu katika miaka ya 1920, kisha ikanyamaza. Mvuto wa Mshtarii uliisogeza kometi mbali na njia yetu, na wataalamu wengi hawakuitarajia tena. Tarehe 27 Juni 1998 ililipuka upya bila taarifa, ikaendelea kwa zaidi ya nusu siku, na watazamaji wa nchi mbalimbali wakaiona kadiri usiku ulivyowafikia.

Waliotaka kujua imetoka wapi walirudi kwenye kumbukumbu za zamani. Hesabu zilikuja kuonyesha kwamba vumbi lile lilitoka kwenye kometi mwaka 1825, likashikwa na mdundo wa Mshtarii, likilizunguka jua mara mbili kila sayari ile inapozunguka mara moja, kwa hiyo halikuondoka pamoja na kometi yake. Miongoni mwa kumbukumbu hizo za zamani ulikuwemo mlipuko wa mwaka 1916, na kumbukumbu yake kuu ni ile ya Denning. Kitovu alichokichapisha safari ile alikipata kwa vimondo vya usiku uleule mmoja.